Kukesha Siyo Kusoma!

Mambo vipi, wana-kidato cha nne? Na nyie wa kidato cha sita, mpo? Najua wengi mtajibu "poa" huku macho yamevimba kama mmetoka kurina asali bila moshi. Mtihani ukikaribia ndivyo inavyokuwa.

Pita bwenini saa 8 usiku, wiki chache kabla ya Novemba, utawakuta. Mmoja katumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi ili asisinzie. Mwingine anatafuna buni za kahawa kama karanga. Wa tatu kajifunika shuka gubigubi na ndani yake mshumaa unawaka, maana taa zilizimwa tangu saa 4 na matroni akimwona ataandikwa jina. Asubuhi wote watatu wanasifiwa: "Huyo jamaa noma, anapiga msuli mpaka majogoo!" Na yule aliyelala saa 4 anaonekana mvivu, hana uchungu na shule, ameshakata tamaa.

Leo tunataka kumtetea huyo aliyelala. Siyo kwa kumwonea huruma. Ni kwamba kwa yote tunayojua kuhusu mwili na ubongo, huenda yeye ndiye anayesoma kuliko hao watatu.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Shule nyingi za bweni kengele hulia saa 11 alfajiri. Aliyelala saa 4 usiku amepata masaa 7. Aliyelala saa 8 usiku amepata masaa 3. Wataalamu wa usingizi wanashauri kijana wa miaka 13 hadi 18 alale masaa 8 mpaka 10 kila usiku. Kwa hiyo hata huyo tunayemwita mvivu bado ana deni la saa nzima! Na mwenye masaa 3 je? Huyo akifanya hivyo siku 5 mfululizo atakuwa amelala masaa 15 kwa wiki nzima ya masomo, wakati mwenzake amelala 35.

Mwaka 2000 watafiti wa Australia walichapisha jambo la kuchekesha na kutisha. Walipima watu waliokaa macho masaa 17 hadi 19, wakalinganisha na watu waliokunywa pombe. Katika baadhi ya vipimo, wasiolala walikuwa wazito sawa na walevi, au hata zaidi yao. Sasa wewe umeamka saa 11 alfajiri. Hesabu masaa 17. Umefika saa 4 usiku kamili, muda uleule wa kuzima taa. Kila ukurasa unaousoma baada ya hapo unausoma ukiwa kama mtu aliyetoka kilabuni. Unafungua, unapiga mstari kwa kalamu nyekundu, unafungua mwingine. Asubuhi huna habari kilichoandikwa humo.

Na kahawa? Kahawa haileti usingizi uliopotea, inauficha tu. Kile kinachokuamsha kwenye kahawa kinakaa mwilini muda mrefu: kwa watu wengi, baada ya kama masaa 5 nusu yake bado ipo kwenye damu. Ukinywa kikombe kikali saa 3 usiku, saa 8 usiku nusu ya kikombe hicho bado inakuzungukia mwilini. Unalala kitandani lakini unageuka tu. Zile soda za kuongeza nguvu zina kitu hichohicho pamoja na sukari nyingi. Vidonge vya "kuondoa usingizi" vinavyouzwa kwa siri mlango wa nyuma, achana navyo kabisa. Hujui vimetengenezwa na nini, na anayekuuzia naye hajui.

UBONGO UNAFANYA NINI UKIWA UMELALA?

Wengi tunadhani kulala ni kuzima, kama redio. Siyo kweli. Ukilala ubongo unaendelea na kazi, na moja ya kazi zake ni kuyarudia mambo ya mchana na kuyahifadhi pahala pa kudumu. Fikiria duka la jumla: mchana mizigo inashushwa mlangoni, usiku vijana wanaipanga kwenye shelfu. Usipowapa usiku, mizigo inabaki imerundikana mlangoni. Kesho mteja akiuliza sabuni, hakuna anayejua ilipo.

Jambo hili siyo jipya. Mwaka 1924 wataalamu wawili wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, Jenkins na Dallenbach, waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi 10 zisizo na maana yoyote, wazikariri. Mara nyingine waliwaacha walale, mara nyingine waliwaacha wakae macho na shughuli zao za kawaida. Baada ya masaa 8, waliotoka kulala walikumbuka nusu hivi ya silabi. Walipokaa macho walikumbuka kama 1 tu kati ya 10. Masaa yaleyale, vichwa vilevile! Wanafunzi 2 ni wachache, ndiyo, lakini tangu hapo jambo hili limepimwa tena na tena na usingizi umeendelea kushinda.

Kwa hiyo ukisoma mada ngumu jioni ukalala, umeisoma na kuihifadhi. Ukisoma ukakesha, umeishusha mlangoni tu.

MSHUMAA

Hapa tunaacha utani.

Juni 1994, Shule ya Sekondari ya Shauritanga, wilaya ya Rombo, mkoa wa Kilimanjaro. Bweni la wasichana liliungua usiku na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Agosti 2009, Shule ya Sekondari ya Idodi, mkoa wa Iringa. Bweni liliungua usiku, wasichana 12 wakafa. Mara zote mbili kilichotajwa kuwa chanzo ni mshumaa, na Idodi ilielezwa kuwa ulikuwa mshumaa wa kusomea baada ya umeme kuzimwa.

Hawakuwa watukutu wala wahuni. Walikuwa mabinti waliotumwa shule na wazazi wao kama wewe. Chandarua kinashika moto kwa haraka mno, godoro la sponji linatoa moshi mzito, na katika giza watu 60 wanatafuta mlango mmoja. Mwenye mshumaa anaposinzia, na atasinzia tu kwa sababu ni saa 8 usiku na yeye ni binadamu, hawi ameweka rehani maisha yake peke yake. Ameyaweka na ya wote waliolala mle ndani.

Kwa hiyo usiwashe mshumaa wala kibatari ndani ya bweni, na hasa ndani ya chandarua au chini ya shuka. Ukimwona rafiki yako anafanya hivyo usione haya kumwambia, hata kama atakuita mnoko. Kama ni lazima kusoma usiku, mwombeni mwalimu wa zamu chumba kimoja cha darasa chenye taa kwa muda maalumu, halafu wote mkalale. Taa ndogo ya sola ni bora mara 100 kuliko mshumaa. Na mlango wa bweni kufungwa kwa kufuli kutoka nje usiku ni jambo la kupelekwa kwenye kikao cha wanafunzi na mkuu wa shule, kwa adabu lakini bila kuchoka.

Nyie mnaosomea nyumbani kwa kibatari: kiwekeni ndani ya sahani au sufuria pana, mbali na pazia, na dirisha liwe wazi kidogo. Wakati wa baridi, kule Njombe au Lushoto, usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango ili usome kwa joto. Moshi wake usioonekana wala kunuka unaua, na mtu anakufa akidhani amepitiwa na usingizi.

SASA NISOME VIPI?

Hapo ndipo swali lenyewe lilipo. Maana mtu akiambiwa alale, anauliza: "Na haya madaftari 9 nani atayamaliza?" Jibu ni kwamba muda unaoupoteza zaidi siyo wa kulala. Ni ule wa kusoma kwa kuangalia.

Tueleze. Mwanafunzi anafungua daftari la Historia, anasoma ukurasa wa Vita vya Majimaji. Anasoma tena. Mara ya 4 macho yanateleza kama baiskeli mteremkoni, moyo unamwambia, "Hii naijua." Anafunga, anaenda mada nyingine. Amedanganywa. Kuitambua sura ya mtu njiani siyo kulijua jina lake. Kwenye chumba cha mtihani hutaletewa sura, utaulizwa jina.

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa chuo kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, walitoa majibu ya jaribio ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulijua. Wanafunzi walipewa habari fupi ya kusoma; mojawapo ilihusu jua. Kundi la kwanza lilisoma mara 2. Kundi la pili lilisoma mara 1, halafu likafunika karatasi na kuandika kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara 2 waliongoza: asilimia 81 kwa 75. Bila shaka walijiona vipanga! Lakini walipopimwa baada ya wiki 1, mambo yaligeuka. Waliosoma mara 2 walibaki na asilimia 42. Waliojiuliza walibaki na 56.

Angalia vizuri hizo namba. Njia inayokufanya ujisikie vizuri leo ndiyo inayokuacha mikono mitupu wiki ijayo. Na mtihani hauji baada ya dakika 5.

Basi fanya hivi. Soma ukurasa wa Majimaji mara 1, taratibu, ukielewa. Funga daftari. Chukua karatasi chakavu, hata ya nyuma ya mtihani wa zamani, ujiulize: Vita vilianza mwaka gani, vikaisha mwaka gani? Kwa nini watu wa kusini walichukia pamba? Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alifanya nini hata makabila yaliyokuwa mbalimbali yakaungana? Kwa nini walishindwa? Njaa ilitokea wapi? Andika unachojua, hata kama ni nusu. Kisha fungua daftari usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Ulipokosea ndipo pa kusoma tena, siyo ukurasa mzima. Utaona umemaliza ndani ya dakika 30 kazi iliyokuwa inakula usiku kucha.

Inauma, hatukatai. Karatasi nyeupe inaaibisha. Lakini heri uaibike peke yako chini ya mwembe kuliko mbele ya msimamizi.

Hisabati ndiyo kabisa haisomwi kwa macho. Ni somo linaloangusha watu wengi kila mwaka, na sababu mojawapo ni hiyo: mtu anaangalia swali lililokwisha kufanywa na mwalimu, anatikisa kichwa, "Ahaa, nimeelewa," anafungua ukurasa mwingine. Funika jibu. Fanya mwenyewe mpaka mwisho. Ukikwama, funua mstari 1 tu, funika tena, endelea. Maswali 5 kwa siku yaliyofanywa hivyo yanashinda 50 ya kuangalia.

Na mjadala wa kikundi? Ni mzuri mkiwa watu 3 hadi 5 na kila mmoja ana zamu ya kufundisha bila daftari. Wakizidi hapo, kuna mmoja anafundisha, wawili wanasinzia na waliobaki wanapiga stori za mpira.

KIINGEREZA KINAPOKUWA UKUTA

Hili tulizungumze wazi. Shule ya msingi wengi wetu tumesoma kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza masomo mengi yakageuka ghafla kuwa Kiingereza, na mtihani wake ni kwa Kiingereza. Matokeo yake tunakariri sentensi za desa kama kasuku. Mtungaji akibadilisha maneno kidogo tu, tumekwisha. Swali lile tunalijua, ila hatukulitambua lilivyovaa nguo nyingine!

Ushauri wetu: elewa kwanza kwa lugha unayoiota usiku. Jieleze mwenyewe kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula: mwanga unatoka wapi, maji yanapitia wapi, hewa inaingilia wapi, kinachotoka ni nini. Ukiweza kumweleza mdogo wako wa darasa la 5 akaelewa, umeelewa na wewe. Baada ya hapo ndipo uandike maelezo hayohayo kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi fupi za kwako. Sentensi fupi iliyo sahihi inapata alama. Sentensi ndefu ya kukariri iliyokatika katikati haina inachokuletea.

Tenga pia ukurasa mmoja wa maneno yanayoanzisha maswali: yale ya kukutaka utaje, ueleze, ulinganishe, utofautishe, utoe sababu. Yapo machache na yanarudi kila mwaka. Kuna watu wanajua jibu lote lakini wameambiwa walinganishe, wao wakataja tu.

RATIBA ISIYO YA UONGO

Wote tumewahi kuona ile ratiba ya rangi 4 iliyobandikwa ukutani, inaanza saa 9 usiku, haina muda wa kula wala kuoga. Inafuatwa siku 2.

Ratiba ya kweli inaanza na pointi zako. Kidato cha nne divisheni inatokana na masomo 7 uliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Divisheni ya tatu ni pointi 22 hadi 25, ya nne ni 26 hadi 33. C inaanzia alama 45, na ili ufikiriwe kwenda kidato cha tano unahitaji angalau C 3. Sasa chukua majibu yako ya moko. Ulipata 41 Jiografia na 40 Biolojia? Hizo ni D 2 zinazokaa mlangoni mwa C. Kwa pointi hizo 2 tu, mwenye 26 anashuka hadi 24, divisheni nyingine kabisa. Weka masaa yako mengi hapo kwanza. Wengi hufanya kinyume: wanarudia rudia somo wanalolipenda kwa sababu linawapa raha.

Halafu tawanya. Mada uliyoisoma Jumatatu, jiulize tena Jumanne kwa dakika 10, kisha Ijumaa, kisha wiki inayofuata. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe na kuandika kitabu mwaka 1885, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurundika siku moja. Bibi zetu wanaomwagilia mchicha kidogo kidogo kila jioni wanalijua hilo bila kitabu.

Neno kwa dada unayesoma shule ya kutwa. Tunajua. Unafika nyumbani saa 11 jioni, kuna maji ya kuchota, mboga ya kuchambua, mtoto wa kubeba, na kaka yako yupo kibarazani na daftari lake. Hiyo siyo haki, na inafaa isemwe. Mtafute mtu mzima mmoja anayekusikiliza, awe mama, shangazi, babu au mwalimu wa kike, umwombe saa 1 kwa siku iwe yako, kwa miezi hii michache tu. Mwonyeshe tarehe ya mtihani. Kuomba saa 1 yenye tarehe ya mwisho ni rahisi kukubaliwa kuliko kulalamika kwa jumla. Na kaka, na wewe unaweza kuosha vyombo. Hakuna aliyewahi kufeli Fizikia kwa sababu ya kuosha sufuria.

MWILI NDIYO UNAOBEBA KICHWA

Chakula tusikichoshe. Uji asubuhi, maharage au dagaa, mboga za majani, tunda likipatikana, maji ya kutosha. Kwa wasichana zaidi: ukisikia uchovu usioisha, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, na kope za ndani zimepauka, nenda ukapimwe wingi wa damu. Siyo uvivu. Chai nzito pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, kwa hiyo chai inywe mbali na mlo. Chungwa au limao husaidia yaingie.

Malaria haijui kama una mtihani. Lala ndani ya chandarua kila siku, siyo siku ya mvua tu. Ukipata homa, nenda ukapimwe siku hiyohiyo. Ukionekana na malaria ukapewa dawa mseto, meza dozi yote ya siku 3 hata kama siku ya 2 umeshajisikia freshi, na usimgawie mwenzio nusu. Wapo wanaoficha homa wiki ya mtihani wakiogopa kupelekwa hospitali, halafu wanazimia kwenye somo la 3.

Hedhi nayo huja bila kuuliza ratiba. Weka alama kwenye kalenda yako kuanzia sasa, utajua kama itaangukia kwenye mtihani. Beba pedi au kitambaa safi hata kama siyo tarehe zake, kwani wasiwasi huweza kuziwahisha au kuzichelewesha. Tumbo likiuma sana, mwone matroni au nesi mapema akupe dawa ya maumivu inayokufaa, na uijaribu mwezi mmoja kabla, usiijaribie siku ya Hisabati. Kumwomba msimamizi ruhusa ya kwenda msalani ni haki yako. Usikae na aibu masaa 3.

NDANI YA CHUMBA CHA MTIHANI

Mtihani wa masaa 3 una dakika 180. Toa dakika 10 za kusoma maswali yote na 10 za kupitia mwishoni. Zinabaki 160 kwa alama 100. Maana yake swali la alama 15 lina dakika 24, basi. Dakika ya 24 ikifika, acha nafasi, nenda swali jingine. Watu wengi hawaanguki kwa kutojua. Wanaanguka kwa kuandika kurasa 5 za swali moja walilolipenda, kengele ikawakuta na maswali 2 meupe.

Karatasi ikigeuzwa ukaona giza, jasho na moyo unapiga ngoma, ujue huo ni mwili wako umejiandaa kukimbia simba. Simba hayupo. Weka kalamu chini. Vuta pumzi ukihesabu mpaka 4, itoe polepole ukihesabu mpaka 6. Fanya hivyo mara 6 au 7, ni kama dakika 1 tu. Kisha tafuta swali lolote unaloliweza, hata la alama 1, uandike. Mkono ukianza kutembea, kichwa kinafuata.

Na usiku wa kabla ya mtihani kuna ugonjwa mwingine: "Mtihani umevuja! Njooni bweni la 2!" Watu wanakimbia na kalamu, wanakariri majibu ya maswali ambayo hayatatoka, wanalala saa 9. Wewe geukia ukutani ulale.

MATOKEO YAKITOKA

Kuna jambo moja ambalo magazeti ya shule hayapendi kuligusa. Kila mwaka matokeo yakitoka, wapo vijana wanaojifungia ndani, wanaokimbia nyumbani, na wachache wanaotaka kujidhuru. Wanaogopa macho ya baba aliyeuza ng'ombe kulipia masomo. Wanaogopa majirani.

Ukijijua una hofu ya aina hiyo, sema mapema, hata sasa kabla ya mtihani. Mwambie mzazi maneno haya au yanayofanana nayo: "Baba, nasoma kadiri ya uwezo wangu, ila naogopa nikifeli utanifukuza." Wazee wengi wakiambiwa hivyo hulegea, maana nao walikuwa wanaogopa kimya kimya. Siku ya matokeo usiyaangalie peke yako, kaa na mtu unayemwamini. Na mawazo ya kutaka kufa yakikujia, wewe au rafiki yako, usiyafiche hata saa 1. Mwambie mtu mzima aliye karibu, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto hapa Tanzania. Ni bure.

Aliyepata sifuri anaweza kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, tena akachagua masomo anayoyaweza zaidi. Wapo waliokwenda VETA wakajifunza umeme au ushonaji na leo ndio wanaowalipia wadogo zao ada. Serikali ilitangaza Novemba 2021 kwamba hata wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi darasani, kwa hiyo kama wewe au dada yako alikatishwa hapo, ulizeni shuleni taratibu zake.

Na madaftari yako usiyachome siku ya mtihani wa mwisho, kama wafanyavyo wengi wakishangilia uwanjani. Yafunge kwa kamba, yaweke kwenye boksi chini ya kitanda. Usipoyahitaji wewe, yupo mdogo wako wa kidato cha pili anayeyapigia hesabu.